Mulozi, ao mgonjwa?

Wenzetu, baba wa miaka 55 akianza kutukana wageni, kunyakua chakula cha watu, kutojali tena watoto, mtaani wanasema mbio: mulozi! Sisi tunakataa. Kuna ugonjwa wa ubongo, munganga Arnold Pick aliueleza kule Prague mwaka 1892. Unakula sehemu ya mbele na ya kando. Siye wa Kamina tunajua reli: njia ya Kabalo ikikatika, treni haifiki, hata stasio zikisimama. Ndivyo njia za ubongo zinazoleta haya na huruma zinavyokatika. Akili ya kukumbuka mara nyingi inabaki kwanza, basi watu wanazani anafanya makusudi. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini kumfukuza, hapana! Apelekwe hospitali, na ndugu mmoja amchungie feza.