SIKU KUMI NA NNE HAZITOSHI



Mwezi uliopita tawi letu la Jomvu Kuu lilipokea barua fupi kutoka kwa mwajiri mmoja wa upande huu wa bara. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa shauri bado li mezani. Barua yasema kwamba mwanachama wetu, fundi wa miaka kumi na mmoja kazini, amefutwa kwa kutoonekana kazini. Ni kweli hakuonekana. Alikuwa amelazwa katika nyumba ya matibabu akijitoa katika unga, na alikwenda kwa miguu yake, kabla hajashikwa na mtu yeyote, baada ya mkewe kuuza cherehani. Sasa amerudi na afya yake, na kazi hana.

Barua ilipokuja wako waliosema, tena watu wazima wa chama: "Unga alijitakia mwenyewe, ada zetu zina kazi nyingine." Twawajibu kwa heshima, lakini twawajibu.

Neno "teja" tulitoe katika ofisi ya chama. Mtu huyu ana namba ya uanachama kama wewe, na ada yake imekatwa kila mwezi. Unga wenyewe haukuja mjini juzi. Tangu miaka ya 1980 umepita pwani hii, ukaingia nyumba za wenye mali na za makuli bila kubagua. Na yule wa zamu ya usiku atafunaye muguka apate kukesha, kisha anywe mnazi apate usingizi, asijione yuko mbali sana na huyu tunayemsema.

Wengi hudhani kazi ni kuimaliza arosto. Maumivu yale hupanda siku ya pili na ya tatu, na baada ya juma moja au kupita kidogo hupungua. Ugonjwa haujaondoka. Ndiyo sababu nyumba hizi humweka mtu miezi mitatu hivi, ajifunze upya kulala, kula kwa saa, kufanya kazi za mikono na kusema kweli mbele ya wenzake. Malindi walianza mapema, Omari Project ikafunguliwa mwaka 1995. Unguja zina nyumba za soba tangu 2009, na wengi wa waziendeshao ni watu waliotumia unga wenyewe, hivyo hawadanganyiki upesi. Na sisi tuna kituo cha NACADA hapo Miritini, jirani kabisa.

Basi tazameni hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa mgonjwa siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Ongezeni likizo ya mwaka, siku 21 za kazi. Hata ukizijumlisha zote huifikii miezi mitatu. Maana yake mfanyakazi aambiwa achague: apone afukuzwe, au abaki na kazi na unga wake mpaka siku itakayomwangusha. Lakini kifungu hicho chasema "si chini ya". Kiasi hicho ni sakafu tu, na chama kiliundwa kwa ajili ya kujenga juu ya sakafu. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo lilitoa mwongozo mwaka 1996, likasema matatizo ya ulevi na madawa kazini yatazamwe kama matatizo mengine ya afya.

Hatumtetei mtu ajaye kazini amelewa. Mwendesha winchi aliyelewa aweza kuua wenzake wanne kabla ya chai, na kifungu cha 44 kiko wazi juu yake. Twasema juu ya yule ajitokezaye mwenyewe. Na hata huyo mwingine, kifungu cha 41 chataka aelezwe kosa lake kwa lugha aijuayo na asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Fundi wetu hakuitwa. Hapo ndipo tutakapoanzia.

Kutoka katika nyumba kuna hatari ambayo hatuna budi kuisema wazi. Aliyekaa miezi bila unga mwili wake umesahau. Akirudia kipimo chake cha zamani siku ya kwanza, aweza kufa pale pale. Kwa hiyo siku arudipo Jomvu Kuu asiachiwe maskani ndiyo imlaki. Wazee wa mtaa, jamaa zake, na wenzake wa karakana wawe naye jioni, hasa jioni ya mshahara. Sisi wenyewe tumekuwa hodari wa kuchanga kwa ajili ya mazishi. Kumsindikiza mtu aliye hai kwatushinda.

Kuna pia wanaotumia methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Nairobi, Mathari, Desemba 2014, ikafika Malindi 2015 na baadaye Kisauni. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mtu wa Jomvu Kuu aendaye Kisauni avuka Makupa, apita kisiwa, avuka tena Nyali, na saa ile ile kengele ya zamu yamlilia. Kubadilishiwa zamu hakumgharimu mwajiri kitu ila karatasi moja ya karani.

Vibarua ndio wenye hali mbaya zaidi. Asimamaye langoni alfajiri hana likizo ya kuomba. Twakumbusha kwamba kifungu cha 37 chamwondoa katika ukibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima. Wengi wamevuka mwezi huo mara nyingi, na hawajui.

Halmashauri italeta hoja katika mkutano wa tawi, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi: mkataba ujao uwe na likizo ya matibabu ya siku 90, namba ya kazi ikihifadhiwa, na zamu ya wanaotumia methadoni. Mambo ya nusu mshahara tutabishana. Wawakilishi wa kila karakana waje na nakala ya mkataba wao, kifungu cha ugonjwa kikiwa kimetiwa alama.