KINGA YA MWILI, SEHEMU YA 5: Tonsesi ya mtoto siyo jambo dogo

Ndugu zangu wa Wampembe na Ufipa yote, tuendelee. Leo naongelea tatizo la kinga linalowapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15: homa ya rumatiki.

Inaanzia kooni. Bakteria aitwaye streptokoka anamshika mtoto, kinga inatengeneza silaha za kumuua. Shida ni kwamba bakteria huyu ana sehemu zinazofanana na nyama za moyo na viungo. Baada ya wiki 2 au 3, koo limeshapona, kinga inageukia mwili wenyewe. Leo goti limevimba, keshokutwa ni kiwiko. Homa inapanda, mapigo ya moyo yanaenda mbio. Viungo vitapona, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na makovu ya maisha.

Sasa maoni yangu.

Kwanza, tuache kukata kimeo jamani! Kukikata hakuondoi bakteria, kunaleta kuvuja damu na pepopunda. Koo likiuma na homa ipo, mlete mtoto apimwe. Siyo kila koo linahitaji penisilini, mengi ni virusi. Ila linaloihitaji likitibiwa ndani ya siku 9, moyo unaokolewa.

Pili, aliyewahi kupata homa hii anahitaji sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi. Ukihesabu kila wiki 4, ni safari 13 kwa mwaka. Mama gani atapandisha mlima hadi Namanyere mara zote hizo, masika na kiangazi, na msimu wa dagaa amehamia kambini? Ataacha tu, wala simlaumu. Sindano imfuate mtoto: iwepo zahanati ya karibu, jina lake liwe kwenye daftari, akikosa atafutwe kama tunavyowatafuta wa chanjo.

Wauguzi wenzangu, najua mnaogopa mzio. Mzio mkali ni nadra. Muulize historia yake, adrenalini iwe mezani, akae nusu saa ndipo aondoke.

Vali ikishaharibika sana, njia ni upasuaji, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kutoka huku ziwani, ni wangapi watafika?

Una mtoto anayelalamika viungo vinahamahama? Usisubiri. Mlete kesho asubuhi.

Sehemu ya 6: lupasi.