Namba ya 0110 ikigonga fomu yako, itapita?

Wewe unayejengea watu tovuti za kuuza viatu, keki na tikiti za shoo, hebu sema ukweli: unajuaje fomu ya malipo inafanya kazi? Najua. Unaandika namba yako ya 07, unabofya, ujumbe wa M-Pesa unaingia, mambo poa. Unamtumia mteja ankara, unalala.

Sasa aje mnunuzi wa 0110. Tangu 2019 namba za simu Kenya huanza pia na 01, lakini bado kuna fomu zinazozikataa, kwa sababu aliyeziandika aliweka sharti moja tu: ianze na 07. Mnunuzi anaambiwa namba yake si sahihi. Habishani na wewe, anafunga ukurasa ananunua kwingine. Mwenye duka hata hajui amepoteza mauzo, na siku atakayojua, utarekebisha bure.

Ndiyo maana nasema majaribio ya kiotomatiki si anasa ya kampuni kubwa za Westlands. Yanamfaa zaidi msee wa vibarua, ambaye hana mtu wa pili wa kumkagulia kazi.

Ila usianze na mfumo mzima. Hapo ndipo wengi huchoka, wakisoma eti lazima kila mstari ujaribiwe. Chukua kipande kimoja kinachogusa pesa. Mfano, kile kinachogeuza namba ya simu iwe vile Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, inavyotaka: 254 mbele, bila alama ya kujumlisha. Andika kando programu fupi inayokipa 0700000000 na kudai irudi 254700000000. Kisha kipe +254 700 000 000 na nafasi zake zote, maana watu hunakili namba kutoka WhatsApp. Kisha 0110000000. Kisha namba ya tarakimu tano, ambayo lazima ikataliwe. Majaribio manne tu, na kila ukigusa msimbo unayaendesha yote kwa amri moja.

Vifaa unavyo tayari. Kwenye Node za siku hizi unaandika tu node --test. Python ina unittest. Ukifungua mradi mpya wa Laravel utakuta folda ya tests imekaa pale, na wengi hawajawahi hata kuichungulia.

Kitu kimoja watu huchanganya: jaribio la kipande halipigi hodi M-Pesa. Kutuma maombi kwenye uwanja wa majaribio wa Daraja ni kazi nyingine, ya maana pia, lakini mtandao ukikatika unabaki kujiuliza nani mkosaji. Hapa unataka jibu kwa sekunde, hata bando likiisha.

Utaniambia mteja halipii majaribio. Kweli, hata hayaoni. Lakini pia halipii ile Ijumaa usiku anayokupigia malipo yamekwama, na wewe ulibadilisha kitu kidogo tu. Kumbuka 2020, VAT iliposhushwa kutoka 16% hadi 14%, kisha Januari 2021 ikarudi 16%. Mwenye majaribio ya bei angebadilisha kiwango, ayaendeshe, aone ni kipande gani bado kinakokotoa kwa kile cha zamani. Asiyekuwa nayo angefungua ukurasa mmoja mmoja na kalkuleta mkononi.

Basi mteja akikuletea hitilafu leo, usikimbilie kuirekebisha. Andika kwanza jaribio linaloinasa, ulione likifeli. Halafu rekebisha mpaka lipite, na uliache humo.