Kicheko cha msibani kina jicho lake

Filamu ya Kenya ya Supa Modo, ya Likarion Wainaina, ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018 na kutajwa kwa heshima na baraza la watoto. Wahakiki wengi waliisifu kwa kuwaliza. Sifa hiyo ni ya kweli, ila ni nusu tu.

Nusu ya pili ni kicheko. Jo, msichana wa miaka tisa, anarudishwa kijijini akiwa na ugonjwa usio na tiba. Mama yake, mkunga, anataka mtoto atulie ndani. Dada yake, Mwix, anakataa: anakipanga kijiji kizima kimdanganye Jo kwamba ana nguvu za ajabu. Watu wazima wanaigiza kwa uzito wote, mtazamaji anacheka huku koo limemkaba.

Mtazamaji wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, hahitaji kufundishwa kicheko cha namna hiyo. Amemwona mtani msibani akiiga mwendo wa marehemu, wafiwa wakicheka na machozi hayajakauka. Halafu katika filamu yumo Mike, anayewatafsiria wanakijiji sinema kwa maneno yake mwenyewe. Aliyekulia kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, akisikiliza kanda alizotafsiri Lufufu, anaijua kazi hiyo.

Ndiyo maana uhakiki wa Berlin hautoshi; wa Kigoma nao usikike. Kigoma ina redio, na redio zina vipindi vya burudani. Vikitenga nusu saa kwa filamu moja, simu za wasikilizaji zitajibu swali hili: kati ya mama na Mwix, nani alimpenda Jo vizuri zaidi?