DENI LA UGOMVI WA WENGINE

Ndugu wanachama,

Sisi wachache wa visiwani tuliokuja kufanya biashara huku Mabogini, kusini ya mji wa Moshi, twazifuata khabari za nyumbani kila zinapotufikia. Katika khabari hizo lipo jambo moja linalotusikitisha: mpaka leo twaitana kwa majina ya ugomvi ambao wenyewe wamekwisha kuumaliza. Twataka kulieleza jambo hilo kuanzia hapa tulipo, kwani mlima huu wa Kilimanjaro unayo mengi ya kumfundisha mtu wa Unguja na Pemba juu ya nchi zilizogawanywa.

Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani waligawana nchi za huku. Mpaka ukachorwa kutoka pwani, ukafika hapa ukapinda, mlima ukawa wa Mjerumani na Taveta ikawa ya Mwingereza. Hakuulizwa mtu wa mlimani wala mtu wa Taveta. Mwaka 1890, kwa mapatano ya tarehe 1 Julai, Unguja na Pemba zikaingia chini ya himaya ya Mwingereza, na Mjerumani akapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko kwao Ulaya. Mangi Meli wa Moshi, ambaye watu wake waliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, alinyongwa na hao hao tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenziwe.

Basi ilipofika Agosti 1914, wakubwa wakagombana kwao, na mpaka ule wa wino ukageuka mpaka wa risasi. Wajerumani wakaiteka Taveta, na majirani wa jana wakaambiwa kwamba wao ni maadui. Wala visiwa vyetu havikusalimika: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja mpaka ikazama. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yakaingia Moshi. Yakisiwa kwamba Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita vile, na waliokufa, khasa kwa maradhi na njaa, ni karibu laki moja. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Twauliza: ugomvi ule ulikuwa wa nani? Ulianzia Sarajevo, mji ambao hapana mpagazi mmoja aliyepata kuusikia.

Mola hupindua mambo. Aliyegawa naye akagawanywa. Mjerumani alishindwa mwaka 1945, na mwaka 1949 nchi yake ikawa dola mbili, moja upande wa Wamarekani na moja upande wa Warusi. Mwaka 1961 likajengwa ukuta katikati ya Berlin, mtoto upande huu na mama upande ule. Mtu angedhani kwamba walioonja uchungu huo wangeuweka kwao. La hasha! Wakatuletea.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na damu ya watu wetu wengi ikamwagika. Magazeti ya Magharibi yakatupachika jina la «Cuba ya Afrika», na walioona wivu na walioona khofu wakaja mbio. Serikali ya Unguja ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nje ya nchi za Kikomunisti kuitambua kikamilifu Ujerumani ya Mashariki, ilhali Tanganyika ilikuwa na urafiki na Ujerumani ya Magharibi. Tarehe 26 Aprili 1964 nchi zetu mbili zikaunganishwa, na dola mpya ikajikuta ina Wajerumani wawili wasiotazamana.

Bonn ikasema: atakayemtambua mwenzetu wa Mashariki sisi si rafiki yake. Mwezi wa Februari 1965 ubalozi wa Mashariki ulioko Unguja ukaamriwa ufungwe, na badala yake iwepo konsuli kuu Dar es Salaam. Bonn hata hivyo haikuridhika, ikauondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawaambia wauchukue na uliosalia. Hata sisi tusiokubaliana na mengi yake hatuna budi kumpa haki yake hapo: alikataa kununuliwa. Lakini katika majadiliano yote hayo, mwananchi wa Unguja na Pemba hakuulizwa, kama vile hakuulizwa mtu wa Taveta mwaka 1886.

Wajerumani wa Mashariki walitujengea majumba Kikwajuni na Michenzani, na watu wanakaa humo hadi leo. Kwa hilo ahsante. Lakini wao hao waliwafunza watu wetu kazi ya usalama, na katika miaka ile jirani alimwogopa jirani, na ndugu alipunguza sauti mbele ya nduguye.

Sasa tazameni mwisho wao. Ukuta ulianguka tarehe 9 Novemba 1989. Tarehe 3 Oktoba 1990 wakawa nchi moja. Mwishoni mwa mwaka 1991 wakapitisha sheria ya kumruhusu raia kusoma faili lake lililoandikwa na wapelelezi. Wenye ugomvi wamefunga hisabu na wamefungua madaftari.

Sisi wenye maduka twaijua vyema balaa ya dhamana. Mwenye deni na mwenye kudai hupatana, wakanywa kahawa pamoja, na mdhamini aliyeweka nyumba yake akabaki nje. Ndivyo tulivyo. Vyama vya kabla ya 1964 vilipigwa marufuku zamani, lakini neno «Hizbu» bado hutupiwa kijana ambaye baba yake alikuwa hajazaliwa. Na sisi kwa upande wetu hatujambo: kila asiyekuwa wetu twamwita kibaraka. Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi katika maandamano Pemba na Unguja, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Marehemu wale walikuwamo vijana ambao hawakuwahi kuviona vyama hivyo vya zamani.

Hatusemi kwamba hatuwezi kujiponya. Tarehe 31 Julai 2010 karibu thuluthi mbili ya waliopiga kura walikubali serikali ya pamoja, na wala haikutoka amri Bonn, Moscow au Washington. Kisha tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa, na tuliyoyajenga yakavunjika. Hilo twalidai, na tutalidai.

Yuko atakayesema: mwatutaka tusahau? Hapana. Kudai haki na kutukanana ni mambo mawili. Mwenye kudai hutaja siku, kitendo na aliyekitenda. Mwenye kutukana hutaja babu wa mtu. Dai la kwanza laweza kulipwa. La pili halina malipo, hurithiwa tu. Nasi tuliosoma chuoni twajua kwamba kupeana lakabu mbaya tumekatazwa, wala katazo hilo halikumtoa mpinzani wa siasa.

Kwa hivyo twaleta mashauri mawili. La kwanza, katika matawi yetu asisimame mtu jukwaani akamwita mwenziwe kwa jina la ugomvi wa zamani, na akifanya hivyo mwenyekiti amkalishe, hata awe mkubwa gani. La pili, chama kidai kwamba madaftari ya usalama ya miaka ile yafunguliwe, kama walivyoyafungua waliotufunza kuyaandika, ili kila aliyepotelewa na mzazi ajue alipozikwa.

Wajerumani wamepatana. Sisi twangoja nini?

Wabillahi taufiki.

Ndugu zenu, Mabogini