Kujaribu kujiua si kosa la jinai tena Kenya: Hukumu hii ina maana gani kwa mama na mlezi?

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa kifungu hicho, mtu aliyejaribu kujiua akanusurika alihesabiwa mhalifu. Angeweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini, au vyote viwili. Miongoni mwa waliofungua kesi ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili.

Habari hii iliandikwa sana kama habari ya mahakama. Lakini inagusa nyumba zetu zaidi kuliko inavyoigusa mahakama, kwa sababu mara nyingi anayekaa kando ya kitanda cha aliyenusurika ni mama, shangazi, nyanya au dada.

Sheria hii ilitoka wapi?

Haikutungwa na wazee wetu. Ililetwa na Waingereza wakati wa ukoloni, ikabaki kwenye vitabu baada ya uhuru. Uingereza yenyewe iliifuta kwao mwaka 1961. Ghana, iliyoirithi kama sisi, iliifuta mwaka 2023. Tanzania bado inayo katika Kanuni yake ya Adhabu.

Walioitetea sheria hii walisema inawatia watu hofu wasijidhuru. Hoja hiyo haishiki. Mtu aliyefika mahali pa kuona kifo ni afadhali kuliko uhai haogopi kifungo. Anayeogopa ni yule aliye karibu naye, yaani wewe mama.

Hofu hiyo ilikuwa na madhara yake. Mama anayeogopa mwanawe kukamatwa humwambia muuguzi kwamba mtoto alianguka, au alikunywa kitu kwa bahati mbaya. Daktari hutibu mwili, kisha humruhusu mgonjwa aende nyumbani. Yale yaliyomfikisha pale hayaulizwi na mtu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu aliyewahi kujaribu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu tena. Kwa hiyo sheria iliwanyamazisha watu katika siku zilezile ambazo walihitaji kusema. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Hapa sheria ndiyo iliyotufundisha kuficha.

Kitu gani kimebadilika?

Mahakama ilisema kifungu hicho kinawabagua watu kwa sababu ya hali yao ya afya, kinawavunjia heshima, na kinawanyima haki ya kupata matibabu. Sasa unaweza kumwambia daktari ukweli wote. Una haki pia ya kuomba mgonjwa wako aonwe na mshauri nasaha au daktari wa magonjwa ya akili kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Jambo moja halikubadilika: kumsaidia au kumshawishi mtu mwingine ajiue bado ni kosa.

Kitu gani bado?

Hukumu haiajiri wauguzi. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache, na wengi wako mijini. Hospitali ya Mathari iliyoko Nairobi bado inapokea wagonjwa kutoka pembe zote za nchi. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na wananchi. Ni haki yako kuuliza katika kituo chako cha afya, na katika mikutano ya bajeti ya kaunti, huduma hizo ziko wapi.

Tena hukumu haifuti aibu. Majirani watasema ni pepo, ni laana, ni utovu wa imani. Duniani kote, watu zaidi ya 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, wa kila dini na kila kabila. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hii ni miongoni mwa sababu kuu za vifo. Hakuna nyumba inayoweza kusema jambo hili haliihusu.

Mlezi afanye nini?

Uliza waziwazi. Wengi huogopa kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, utampandikizia wazo hilo. Si kweli. Kuulizwa kwa upole humpa nafasi ya kuutua mzigo. Unaweza kusema: "Mwanangu, nimeona huli, hulali, na umejitenga. Je, unafikiria kujitoa uhai?" Akikubali, usimgombeze wala usimhubirie. Msikilize, usimwache peke yake, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Funga vya hatari. Dawa za shambani, dawa za hospitali na vitu vyenye ncha kali viwekwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Mara nyingi dhoruba ya namna hii huja kwa nguvu kisha hupita. Ikipita bila kitu cha kudhuru kuwa karibu, uhai huokoka.

Mwangalie aliyejifungua. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Lakini mama ambaye wiki 2 zimepita na bado haoni raha, hapati usingizi hata mtoto akilala, au anasema mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, huyo ni mgonjwa anayehitaji tiba. Si mvivu, na si kwamba hampendi mtoto. Amweleze muuguzi kliniki, siku ya chanjo au hata kabla.

Jitunze na wewe. Kumlinda mtu usiku na mchana huchosha mwili na moyo. Pangeni zamu na ndugu. Kula, lala, na tafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye bila kuficha. Ukianza kuona kwamba wewe mwenyewe hutaki kuishi, basi maneno yote ya hapo juu ni yako pia.

Msaada

Ukiwa Kenya, piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, uzungumze na mshauri. Kwa mtoto, piga 116, ambayo inapatikana Kenya na Tanzania. Hatari ikiwa ni ya sasa hivi, nenda hospitali iliyo karibu, na ukifika pale sema ukweli. Kwa Kenya, hakuna tena sheria ya kukuzuia kuusema.