Reli za China na Manowari Zake



Sisi watu wa reli hatuwezi kuidharau China. Mwaka 2008 walifungua reli ya mwendo wa kasi toka Beijing mpaka Tianjin, na kufika mwisho wa 2023 walikuwa na kilomita 45,000 za namna hiyo, nyingi kuliko nchi zote nyingine zikijumlishwa. Aliyepata kushindilia kokoto chini ya mataruma ajua hiyo ni kazi gani. Hata treni ya Mombasa na Nairobi iliyoanza 2017 njia yake walijenga wao, kwa mkopo wao, nasi twaipanda.

Lakini twasikia watu wakisema: China imepanda kwa sababu wafanyakazi wake ni watiifu, hawana migomo. Hapo twataka kusema neno.

Tangu 1978, Deng Xiaoping alipoanza kugeuza mambo ya uchumi, mamilioni ya vijana waliacha mashamba wakaenda viwandani, kama kule Shenzhen. Utajiri ulitoka mikononi mwao. Mwaka 1982 katiba ikaandikwa upya, na haki ya kugoma iliyokuwamo katika ile ya 1978 ikafutwa. Shirikisho la wafanyakazi linaloruhusiwa ni moja tu, nalo liko chini ya Chama cha Kikomunisti. Mtu aliyenyang'anywa haki ya kukataa, utamwitaje mtiifu?

Umaskini umepungua sana kule, hilo ni kweli. Lakini fedha nyingi zimekwenda kwenye silaha pia. Manowari yao ya kwanza ya kubeba ndege, Liaoning, iliingia kazini 2012, Shandong 2019, na Fujian 2025. Wasema ni za kujilinda, na kweli nchi iliyopigwa mizinga na wageni toka 1839 ina sababu ya kuogopa. Lakini mwaka 2016 mahakama ya The Hague ilipokata shauri la bahari kwa upande wa Ufilipino, China ilikataa. Mwaka 2022 Japani ikaamua kuongeza sana fedha za jeshi, na 2023 Ufilipino ikawafungulia Wamarekani kambi nne zaidi.

Wala si mambo ya mbali. Mwaka ule ule wa 2017 China ilifungua kambi ya jeshi Djibouti, ambako Wamarekani, Wafaransa na Wajapani wanazo zao. Ya China iko karibu na bandari, mahali pa kazi pa wachukuzi wenzetu.

Basi wakija kututembelea wageni wa vyama vya wafanyakazi toka Beijing, tuwakaribishe vizuri, tuwape chai, kisha tuwaulize habari za 1982.